Nilichoagiza na Nilichochongewa

Jana magharibi, kwenye kituo kimoja cha mafuta hapa Chatsworth, mhudumu aliweka kiganja juu ya paa la gari langu, akakiacha hapo kidogo kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akaniuliza: "Bhuti, gari linaumwa nini?"

Haliumwi. Lilikuwa kwenye sailensi tu. Tasbihi niliyoitundika inagonga kioo ta-ta-ta, kisanduku cha dashibodi kimejifungua chenyewe, mshale wa mizunguko unapanda 1,200, unashuka 600, unapanda tena. Nikazima kama sheria ya kituo inavyotaka, nikawekewa mafuta ya randi 200, nikawasha. Likazimika. Nikawasha tena, nikakanyaga mafuta, likanguruma hadi foleni nzima ikageuka. Nikaachia kidogo, likazimika. Wanaume watatu wakashuka kwenye pikapu iliyokuwa nyuma yangu na kunisukuma hadi barabarani bila kuombwa. Mmoja akainama dirishani, akaniambia kwa upole kwamba injini ikishachoka hivyo, bora mtu atafute nyingine.

Injini hiyo ndiyo kwanza imefungwa. Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi ya chuma, tabo. Na kinachoitetemesha ndicho kipya kuliko vyote: kemshafti niliyochongewa kwa oda maalumu.

Gari lenyewe ni Citi Golf, ile Golf ya kwanza ambayo Volkswagen waliendelea kuiunda Uitenhage kwa jina hilo kuanzia 1984 hadi 2009, wakati Ulaya walikuwa wameshaisahau. Silinda 4, lita 1.8, valvu 8, kemshafti moja juu.

Watu wengi hufa bila kuifikiria kemshafti hata siku moja, na wana raha zao. Ni fimbo ya chuma yenye nundu, moja kwa kila valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja, na kila nundu inaisukuma valvu yake ifunguke, springi inairudisha. Basi. Lakini umbo la nundu ndilo linaloamua injini ivute pumzi lini, nyingi kiasi gani na kwa muda gani, na hapo ndipo mtu mwenye akili timamu anapoanza kukosa usingizi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 50 kwa sekunde. Nundu ya nyuzi 270, yaani inayoiacha valvu wazi kwa nyuzi 270 za mzunguko wa krenki, inaipa hewa milisekunde saba na nusu iwe imeshaingia. Saba na nusu! Kope haijaanza hata kushuka.

Na hewa nayo ina uzito. Inakuwa mvivu kuanza, ikishaanza haitaki kusimama. Ndiyo maana valvu ya kuingiza huchelewa kufunga, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, kwa sababu hewa bado inajisukuma yenyewe ndani. Ndiyo maana pia valvu hiyo hufunguka kabla ile ya kutoa moshi haijafunga, na kwa kitambo kidogo zote mbili ziko wazi. Injini isiyo na tabo inaipenda hali hiyo: moshi unaotoka mbio unaivuta hewa mpya nyuma yake.

Kwenye tabo mambo yanageuka. Moshi hautoki moja kwa moja. Lazima kwanza uzungushe feni, kwa hiyo unarundikana kwenye manifoldi. Tabo ndogo ikifanyishwa kazi sana, presha ya moshi upande huu inaweza kufika hata mara mbili ya presha ya hewa inayosukumwa upande ule. Fungua milango yote miwili kwa pamoja hapo, uone nani anaingia kwa nani. Moshi unarudi silindani, unaichafua hewa, unaipasha moto, injini inaanza kugonga.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi, na naipenda mno. Chukua nyuzi ambazo valvu hukaa wazi, toa mara mbili ya utengano, yaani nyuzi zilizopo kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya kutoa. Nyuzi 276 kwa utengano wa 108: toa 216, milango yote miwili iko wazi kwa nyuzi 60. Nyuzi 260 kwa utengano wa 114: toa 228, zinabaki 32. Injini yenye kemshafti mbili unaweza kuuchezea utengano huo kwa puli za kurekebisha. Yenye kemshafti moja, utengano umeshachongwa kwenye chuma. Puli inazisogeza nundu zote kwa pamoja, na ukikosewa umekosewa. Hata springi nilizipigia hesabu: kichwa cha valvu yangu ya kuingiza kina kipenyo cha milimita 40, na presha ya bar 1 inakisukuma kwa nyuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 12. Springi ikilegea, valvu haikai kitini.

Kwa hiyo niliagiza 260 kwa 114. Niliandika kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa.

Jirani yangu alikuwa amenionya. Ni mzee wa wale Wazanzibari wa Chatsworth, ambao mababu zao waliokolewa kutoka majahazi ya watumwa na kushushwa Durban na Waingereza kuanzia 1873, wengi wao Wamakua, wakakaa Kings Rest kule Bluff hadi sheria za ubaguzi zilipowahamishia huku miaka ya 1960. Kwake yeye duniani kuna kemshafti moja tu: Schrick ya nyuzi 276, ile ya Opel Kadett Superboss iliyoundwa Port Elizabeth mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kuitoa jasho BMW 325iS mashindanoni.

"Kijana, 276. Nyingine zote ni za kubebea mboga."

"Mzee, Superboss haina tabo."

"Ndiyo maana ilikuwa nzuri."

Mchongaji nilimpata kwenye eneo la viwanda la Jacobs. Ukutani zilining'inia zile nundu mama, zimeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Mashine za zamani hazichongi kutoka kichwani: kidole kimoja kinafuata nundu mama, jiwe la kusagia linaiga kwenye chuma chako. Ningeweza kusimama pale hadi jioni nikitazama cheche na maji meupe ya kupozea. Mtu wa kaunta alisoma karatasi yangu, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, na tangu hapo akaanza kunitamkia Kiingereza neno mojamoja. Hakuna shida, akasema. Nikalipa.

Kemshafti ilikuja imefungwa kwenye gazeti lenye grisi. Karatasi ya vipimo? Hiyo, nikaambiwa, ni siri ya kazi.

Ilipoanza kutetemesha gari, niliipima. Unafunga sahani yenye nyuzi 360 kwenye krenki, unasimamisha saa ya kupimia juu ya tapeti, unazungusha injini kwa spana pole pole. Tapeti zangu ni za mafuta, zinabonyea, zingenidanganya, nikaazima ngumu. Mpwa wangu alikuwa karani, anaandika kwenye boksi la chai ya rooibos. Raha yake ni kwamba kilele cha nundu hakipimwi kileleni, maana pale juu sindano inasinzia, huwezi kujua katikati ni wapi. Unasoma nyuzi ikibaki nusu milimita kupanda, unasoma tena ikishashuka nusu milimita, unagawa katikati. Tulirudia hadi mpwa akachoka. Nyuzi 276. Utengano 108.

Nilirudi Jacobs na boksi la chai mkononi. Yule bwana hakubisha. Alisema vijana wote wa tabo wanachukua hiyo, mlio wake mzuri, Jumamosi usiku watu wanageuka.

Kweli wanageuka. Lakini mimi sikununua mlio. Kama hana nundu mama ya 260, angesema hana, ningeenda kwingine. Utengano, hata hiyo sababu hauna: nundu mama ni ileile, unaizungusha fimbo nyuzi sita zaidi kabla ya kuchonga nundu ya pili, kazi ya mkono mmoja. Chuma kikishasagwa hakirudishwi. Cha kufanya ni kusaga tena nundu nzima iwe nyembamba zaidi, kwa gharama ya nani? Ya mteja. Na mteja mwenye lafudhi ya mbali, anayenyimwa hata karatasi ya vipimo vya kitu alichokilipia, atapeleka wapi malalamiko yake? Nilimwona Mhindi wa Phoenix aliyenitangulia kwenye foleni akikabidhiwa yake, imepigwa chapa, kila nyuzi mahali pake. Siri ya kazi haikumhusu.

Mengine ni madogo. Sailensi mbovu inaua ombwe la basta ya breki, kwa hiyo mteremko wa kuelekea Higginson Highway niliushuka nimesimama juu ya pedali. Msibani nilizima injini mtaa mmoja kabla, nikaingia kwa kusukuma. Mke wangu siku hizi anapanda teksi.

Kwa hiyo nauza kemshafti ya Golf ya valvu 8, nyuzi 276, utengano 108, imetumika kidogo mno. Inafaa injini isiyo na tabo na dereva asiyesimama kwenye taa. Jirani yangu ameshasema anaitaka, ila anataka kuilipa kidogo kidogo. Mwenye pesa taslimu tutaelewana. Karatasi ya vipimo ipo, imeandikwa kwenye boksi la chai.