Sifa za Bahasha ya Kaki

Watunzi wetu wamesifu minazi, majahazi, na wengine hata wanasiasa. Hakuna aliyeisifu bahasha ya kaki ya Idara ya Kazi na Pensheni ya Uingereza, nami nauona huo kuwa utovu wa shukrani, maana hajatokea tabibu aliyeponya watu wengi kwa gharama ya stempu moja. (Kwetu bahasha ya kaki ikipita chini ya meza huwa na kitu ndani. Hii hupita mlangoni mchana kweupe, na ndani mna sifuri.)

Tuanze na miguu. Zamani mlemavu aliyeshindwa kuvuka mita 50 kwa kawaida alihesabiwa kuwa hawezi kutembea. Mwaka 2013 ikaja posho mpya, PIP, na kipimo cha kupata kiwango cha juu cha posho ya kutembea kikashuka hadi mita 20. Hospitali gani ingeweza kuwaongezea watu mita 30 za nguvu bila kidonge wala upasuaji? Kalamu iliweza, na bahasha ikapeleka habari njema.

Tena ina kipaji cha kuumba. Kamati ya Bunge iliyochunguza tathmini za waombaji wa posho ilitoa ripoti mwaka 2018, baada ya kupokea ushuhuda wa maelfu ya watu. Mwombaji mmoja, ambaye kutembea kwake ni taabu tupu, alisoma katika tathmini yake kwamba kila siku humtembeza mbwa wake. Hana mbwa. Mwingine aliandikwa kuwa aliinuka kitini bila shida yoyote, ilhali alikuwa kitandani tangu mwanzo hadi mwisho, na kiti pekee cha chumba kile kilikuwa kimekaliwa na mtathmini. Kuna walioulizwa wameanza kuugua lini Down's syndrome, hali ambayo mtu huzaliwa nayo. Wenye roho mbaya wanauita huu uongo. Mimi nasema mtu aliyepewa mbwa bure hana haki ya kulalamika.

Lakini utukufu wenyewe uko kwenye rufaa. Huruhusiwi kukimbilia mahakamani. Sharti kwanza uiombe idara ileile iuangalie upya uamuzi wake. Mwaka 2017 ilifichuka kuwa idara ilikuwa imejiwekea lengo: katika hatua hiyo, asilimia 80 ya maamuzi ya awali yabaki kama yalivyo. Hapo ulimi wangu wa kusifu unakwama. Fundi anayejua, kabla hajafungua boneti, kwamba magari manane kati ya kumi ni mazima, huyo si fundi tena, ni nabii. Lengo lilifutwa kabla mwaka haujaisha. Manabii hawaheshimiwi kwao.

Anayevumilia hufika mbele ya watu watatu: jaji, daktari, na mtu anayeujua ulemavu kwa karibu. Miaka ya karibuni, katika rufaa za PIP zilizosikilizwa, karibu saba kati ya kumi zimekwenda upande wa mwombaji, mara nyingi kwa sababu tu hatimaye kuna aliyemuuliza na kumsikiliza. Msomaji mwepesi ataona aibu hapo. Mimi naona werevu, kwa kuwa wengi hawafiki. Mwenye maumivu asiyeweza kuketi saa nzima akijaza fomu, mwenye hofu anayetetemeka simu ikilia, hao ndio wa kwanza kukata tamaa. Ugonjwa uliomfanya mtu aombe ndio huohuo unaomwachisha kudai, na idara haihitaji kunyanyua kidole.

Kwa hiyo, ndugu uliyeko Leicester au London, bahasha hiyo ikimfikia mama yako, ipe heshima yake: ifungue siku hiyohiyo. Mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si tangu ilipoanguka mlangoni. Wakikataa tena, una mwezi mwingine wa kukata rufaa, nayo haina ada. Omba usikilizwe ana kwa ana. Na kama mama hawezi kueleza maumivu yake kwa Kiingereza, andika kwenye fomu ya rufaa kwamba anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Gharama ni ya mahakama.