Mtoro wa Pamba, Mtoro wa Upinde

Mfyuu! Naanza na msonyo maana salamu zote za Kisukuma hazitoshi asubuhi hii. Habari iliyotua kijiweni ni kwamba mwalimu wa zamu katika shule moja ya huku kwetu (jina siitaji, mwenye sikio ataelewa) kavunja upinde wa mtoto mstarini, mbele ya wenzake, vipande viwili kwenye goti. Kosa: utoro. Kidhibiti: kanga mmoja, ambaye hakuna ajuaye aliishia kwenye sufuria ya nani.

Kijiwe kikagawanyika pale pale. Fundi baiskeli akasema mwalimu kafanya vyema. Kijana wa bodaboda akauliza kanga yuko wapi. Mwalimu mstaafu, ambaye hunywa kahawa kwa mkopo na kulipa kwa hoja, akasogeza kigoda chake karibu.

Kwa msiotujua: kijiwe chetu kiko Bukundi, Meatu, mkoa wa Simiyu, huku ambako ukizidi kwenda unakutana na mto Sibiti unaomwaga maji yake Ziwa Eyasi. Watu wa Bariadi wanatuona sisi ndio mwisho wa dunia. Sisi nasi tunawaona Wahadzabe, wawindaji wa upinde, ndio mwisho wa dunia. Kila mtu ana wa kumcheka. Darasa la huku linaweza kuwa na Msukuma, Mtaturu, Mnyiramba na Mhadzabe kwenye dawati moja, na Mhadzabe ndiye mchache kuliko wote. Ukiwajumlisha wa Meatu na wale wa ng'ambo, Mbulu, Karatu na Mkalama, ni watu takriban 1,300 tu. Mnada wetu wa ng'ombe ukichangamka unawazidi.

Sasa nisikilizeni. Mkoa wetu ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba ikishapasuka, madawati yanapumua. Watoto wako shambani wanachuma. Mwalimu ananuna, anaandika "hayupo" kwenye daftari la mahudhurio, basi. Na pamba ya baadhi ya walimu wenyewe inachumwa na nani, tusiulizane. Mtoto wa mfugaji naye akifuata ng'ombe malishoni, mzazi anaitwa ofisini, anafokewa, anaahidi, yanaisha. Hao wawili ni watoro, hakuna ubishi. Lakini umewahi kusikia mwalimu akisema pamba ni ushenzi? Umesikia ng'ombe akiitwa aibu ya ukoo? Wa tatu akitoroka na upinde, hapo ndipo mdomo unapofunguka: "Utaishia porini kama babu yako!" Darasa zima linaangua kicheko, na kesho yake mtoto haonekani. Kisha tunashangaa kwa nini Wahadzabe hawapendi shule.

Fundi baiskeli akadakia: "Pamba ni kazi. Kuwinda ni mchezo."

Ebo! Mchezo? Mtoto wa kiume wa Kihadzabe anapewa upinde akiwa bado mdogo hata kuhesabu vidole hajui. Mishale yake ni ya mti mtupu, haina chuma wala sumu. Sumu ni ya wakubwa. Anaanza na ndege na pimbi. Dada yake wa rika hilo anachimba mizizi, anachuma matunda ya mkole, anagonga mabuyu apate unga wake. Watafiti kama Nicholas Blurton Jones, waliokaa na Wahadzabe kuanzia miaka ya 1980, waliwakuta watoto hao wakijitafutia sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe. Wenyewe, ndugu yangu! Wewe mwanao yuko darasa la tano, na uji usipopoa anamwita mama yake aupulize.

Mwalimu mstaafu akakohoa. Akikohoa hivyo, jua kijiwe kinakwenda kusahihishwa.

"Vijana," akasema, "msiniletee ngonjera. Pori lenyewe limebaki wapi? Mbuga zimejaa ng'ombe, kingo zimelimwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, na mtu akikutwa na nyara za serikali bila kibali haulizwi kabila lake kwanza. Wahadzabe wameachiwa kwa muda mrefu kuwinda kwa ajili ya chakula, sawa, lakini mnyama akiisha, ruhusa utaila? Na siku wakija watu na karatasi ya ardhi, nani ataisoma? Yule mtoto anatakiwa darasani. Mwalimu naye mumhurumie. Ana watoto mia kwenye chumba kimoja, na afisa elimu kata anamdai asilimia za mahudhurio."

Hapo alisema kweli, na kijiwe kikanyamaza kwa heshima. Hakuna mzazi huku, mwenye upinde au mwenye jembe, anayetaka mwanawe abaki bila kusoma. Ila, mwalimu wangu, shikamoo tena, kuna jambo umelidandia bila kulikagua: kwamba upinde na kalamu haviwezi kukaa mkono mmoja. Nani alisema?

Mwaka 2002 huyo huyo Blurton Jones na mwenzake Frank Marlowe walitoa matokeo ya majaribio yao. Waliwashindanisha Wahadzabe waliokaa miaka kwenye shule za bweni na wale waliokulia porini moja kwa moja. Wakawapa mizizi wachimbe, wakawapa shabaha walenge. Waliosoma hawakuzidiwa. Kulenga walilenga, kuchimba walichimba. Kinachochukua miaka mingi ni kuwinda kwenyewe: kumjua mnyama, upepo, nyayo, saa. Huo ujuzi huongezeka na umri, na mtu hujifunza hata baada ya kumaliza shule. Kwa hiyo shule haiuui upinde, nao upinde haukuiua shule. Huyo mwalimu wa zamu kavunja kijiti kisichokuwa na kesi naye. Na kanuni za viboko za nchi hii zinasema visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Ya kuvunja upinde kwenye goti sijaiona popote.

"Basi kinachomtoa darasani ni nini?" fundi akauliza.

Mama muuza kahawa, aliyekuwa kimya akipuliza mkaa, akajibu bila kugeuka: "Njaa. Mnazunguka mbuyu bure."

Mnaona? Wanaume watano tunachambua sera, mwenye jiko kalimaliza kwa neno moja. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, ada ikaondoka, tukapiga vigelegele. Chakula cha mchana kikabaki kwa wazazi: lete mahindi, lete maharage. Msukuma ana ghala, analeta. Mtaturu anauza mbuzi, analeta. Mhadzabe shamba la mahindi halijui. Ana asali kwa msimu wake, na daftari la michango halina safu ya asali. Sasa mtoto wake afanye nini saa saba mchana, wenzake wakipanga foleni na sahani? Huyo anajua pimbi wanalala mwamba gani. Mwenye njaa hana miiko, na kwa kweli huyu hana hata kosa: kaenda mezani kwao.

Halafu kuna hili la vitabu, linanichoma. Vitabu vyetu vya historia vinafundisha kwamba binadamu wa zama za mawe aliwinda na kukusanya matunda na mizizi. Ukiomba mfano, unapewa Wahadzabe. Mfikirie mtoto amekaa dawati la nyuma, jana kala digidigi, leo anasomewa kwamba yeye ni zama za mawe. Mwenzake wa mbele anageuka kumtazama kama anatafuta mkia. Mwalimu anaendelea ubaoni, wala hajui alichokifanya.

Kijana wa bodaboda, ambaye amewahi kubeba watu wa kila namna, akacheka: "Wazungu wanalipa hela Mang'ola waamshwe alfajiri wakimbizane na Wahadzabe porini. Mtoto akifanya hivyo hivyo bure, bakora."

Na hapo hujafika Pori la Akiba Maswa, hapo jirani zetu, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na vitalu vya uwindaji wa kitalii. Mwenye dola akimwangusha nyati anapiga naye picha. Ukitaka la zamani zaidi, mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja Afrika Mashariki kuwinda, akamleta mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa Harvard, na aliyaweka masomo kando mwaka mzima kwa ajili ya bunduki. Baba na mwana waliangusha wanyama 512. Hakuna mwalimu wa zamu aliyemvunjia Kermit bunduki kwenye goti. Kurudi kwao, baba akapokelewa kama shujaa, mwana akamaliza chuo. Utoro wa tajiri unaitwa safari.

Mstaafu akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akauliza swali la kiualimu: "Haya, mnataka shule ifanye nini?"

Tuanzie ng'ambo. Kule Bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, zaidi ya hekta 20,000. Msitu wa ardhi hiyo sasa unaingiza fedha za kaboni, na fedha hizo zinalipa walinzi wa msitu kutoka miongoni mwao. Mlinzi wa namna hiyo anatakiwa asome nyayo na aandike taarifa. Mwalimu akimvunjia mtoto upinde anamnyima nusu ya kazi. Mzazi akimnyima kalamu anamnyima nusu iliyobaki. Kwa hiyo upinde ukae kwenye stoo ya shule Jumatatu hadi Ijumaa, mtoto auchukue Jumamosi. Mchango wa chakula upokelewe hata kwa asali, ipimwe kwa bei ya soko. Somo la sayansi likifika kwenye nyayo na mimea, huyo wa dawati la nyuma asimame mbele afundishe, tuone nani atacheka.

Na afisa akija na gari lake kuuliza utoro, mkuu wa shule amkaribishe vizuri, ampe kiti. Ila kabla hajamfungulia daftari la mahudhurio, amfungulie daftari la stoo, wahesabu pamoja magunia ya mahindi yaliyobaki. Nina uhakika watoro watakuwa wameandikwa humo.