Mali ya Ukweni Imekosa Pa Kulala

Jirani, kitu cha bure kutoka ukweni kiulizie kwanza upana. Mimi sikuuliza. Nani anauliza upana? Baba mkwe kapiga simu kutoka Karatu, sauti nzito ile ya kukohoa kwanza, anasema mwanangu, umri umekwenda, ile Ferguson nakuachia wewe. Nikajibu ahsante sana mzee, Mungu akuzidishie. Nilijua ni redio. Si zilikuwepo redio za Ferguson zamani? Tena na televisheni. Nikaanza hata kufuta vumbi kwenye kabati la sebuleni.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe ni trekta. Trekta zima, bwana, lina matairi, lina kiti cha bati chenye matundu, lina harufu. Na huwezi kulisema vibaya humu ndani. Ukisema neno tu unaambiwa hilo ndilo lililolima mahindi, mahindi yakauzwa, mkeo akasoma, akapata kazi, akakutana na wewe. Sasa hapo ukibisha unabisha ndoa.

Shemeji yangu mdogo naye ndiyo akamaliza. Huyu kijana anajua kila kitu na hana kazi. Ananiambia hilo ni TE20, lile la kijivu, limetengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, yakatoka zaidi ya nusu milioni. Nikamwambia sawa, kwa hiyo yapo mengi, turudishe hili moja. Akaendelea. Eti Edmund Hillary, yule wa Mlima Everest, alichukua Ferguson za namna hiyohiyo, wakazivika mikanda ya kutambalia kuzunguka matairi, wakatambaa nazo kwenye barafu mpaka Ncha ya Kusini ya dunia, tarehe 4 Januari 1958. Haya. Ncha ya Kusini limefika. Gereji yangu ya Njiro, mlango futi nane kwa futi saba, haliingii.

Maana lilivyoletwa na Fuso, limefungwa minyororo pembe zote nne, mimi nilishajiandaa. Nilikuwa nimepima. Nilimtuma kijana kule Karatu anipigie madigadi, kutoka digadi mpaka digadi, akanitumia namba, nikapima mlango, nikakuta nafasi inabaki ya kupita hata na mgeni. Nikatamba pale dukani kwa Mangi. Nikanunulia watu soda. Limeshushwa kwenye kifusi cha mchanga cha jirani anayejenga, kwa sababu Fuso haina ngazi, likasimama mbele ya gereji, watu kimya. Matairi ya nyuma yako huko nje, mbali kabisa na madigadi. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye trekta tairi na digadi kila mmoja anakaa kwake.

Fundi wa matrekta nilimpata kwa kuelekezwa. Mzee mmoja mfupi, ana ovaroli, haongei. Alichofanya ni kutoa futi yake, kuipima yangu kwanza, halafu kuirudisha mfukoni bila kusema neno. Iliniuma sana ile. Kisha akapima chini, tairi hadi tairi. Baba mkwe kule shambani alikuwa ameyatanua mpaka mwisho, kwa ajili ya mistari ya mahindi. Inchi 76 katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Ongeza unene wa tairi zenyewe, unafika 86. Mlango wangu inchi 96, lakini toa bawaba za geti na ile nguzo ambayo fundi uashi wangu aliipinda kidogo wakati anasikiliza mpira. Imebaki inchi mbili kila upande. Nikasema si zinatosha? Inchi mbili ni inchi mbili. Fundi akamwangalia mke wangu kwa huruma.

Nikaanza kutafuta nyundo nibomoe nguzo. Fundi akasema, bosi, nyumba iache. Tairi ndizo zinaletwa ndani. Kumbe hilo dude limetengenezwa hivyo. Unafungua nati, unageuza sahani ya tairi, unahamisha rimu, kila hatua inchi nne, kutoka 76 unashuka mpaka 48 ukitaka. Yeye akachagua 52. Nikamuuliza kwa nini asimalizie tu mpaka mwisho, mbona anabania. Akasema trekta likibanwa sana miguu linakuwa jepesi kupinduka, na hili halina chuma cha kumkinga dereva. Shemeji akadakia hapohapo, maana hanyamazi: Sweden walianza kulazimisha hivyo vyuma mwaka 1959, Uingereza kwa matrekta mapya 1970. La kwangu limezaliwa kabla huruma haijaanza.

Basi likataka kuinuliwa. Mimi nikakimbia kwa jirani nikarudi na bloku nne za simenti, kichwani, jasho linatiririka, nikazipanga vizuri kabisa chini ya ekseli. Fundi akaziondoa moja moja kwa mguu. Eti bloku haikupi taarifa, inapasuka ghafla na wewe uko chini. Kwanza akaweka mawe mbele na nyuma ya tairi zisizoinuliwa, akapiga jeki sehemu ngumu, halafu akasimamisha stendi za chuma, ndiyo akagusa nati. Na chini ya jeki peke yake hataki hata mkono uingie. Aliniuliza nina bima ya maisha? Hapana, samahani. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mke wangu.

Sasa hizo tairi za nyuma. Jirani, zina maji! Ndani! Wanajaza maji makusudi zipate uzito wa kushika udongo, na moja inabeba zaidi ya lita mia. Mimi naona tairi, najua ni upepo, nikajitolea kulishika linapotoka. Lilitoka. Likanijia taratibu, bila hasira, likanigandisha kwenye ukuta wa gereji. Siwezi kulisukuma, siwezi kuliachia. Watoto wa mtaa wakatoa simu. Fundi akaendelea kutafuta spana. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akaniuliza chakula nikupakulie au mpaka ubanduliwe?

Jambo jingine ambalo nalilalamikia ni ile gia. Tairi zimeshafungwa, wamekwenda kula, mimi nimebaki nalinda. Nimekaa kwenye kiti, najisikia mkulima. Naona lile fimbo la gia lina herufi S. Nikajua S ni Stop. Gari la watu lisije likatembea, nikasukuma kwenye Stop. Likaunguruma! Kumbe S ndiyo stata yenyewe, gia na stata ni kitu kimoja, na fundi alikuwa ameacha swichi wazi. Niliruka kutoka kule juu, nikatua kwenye madumu ya maua ya mke wangu. Trekta lenyewe halikwenda popote, linaunguruma palepale. Fundi akarudi anatafuna, akanielezea kwa upole unaoudhi: wamelitengeneza hivyo ili lisiweze kuwaka likiwa ndani ya gia, maana wenye tabia hii mpo dunia nzima.

Ikafika saa ya kuingiza. Nikasema mimi ndiye mwenye nyumba, naendesha. Nikaambiwa kuna pedali ya breki ya tairi la kushoto na pedali ya breki ya tairi la kulia. Mbili! Ukikanyaga moja tu, tairi hilo linasimama, jingine linaendelea na safari, trekta linageuka hapohapo. Nilikanyaga moja. Iliyobaki ya bustani unaiona mwenyewe.

Mke wangu akafunga kanga kiunoni. Akapanda. Hakuuliza klachi iko wapi, hakuuliza gia. Akaligeuza kinyumenyume kuelekea gereji kwa mkono mmoja. Nikapiga kelele, unakosea, kitu kinaingia na pua! Fundi akaniambia hapo mbele ya gereji nimemwaga zege la mteremko, na trekta la hivi mgongo ndiyo mzito, pua nyepesi. Ukipanda na pua mbele, ukakanyaga mafuta, ukaachia klachi kwa pupa, pua inanyanyuka na kukurudia kichwani. Ukipanda kwa kurudi nyuma, pua inabaki chini. Na ndiyo maana hata ukilivuta na mnyororo unafunga chini, kwenye chuma cha kuvutia, usifunge juu ya ekseli. Mimi kamba yangu nilikuwa nimeshaifunga kwenye kiti. Niliifungua polepole, kama mtu anayekunja tu nguo zake.

Nikaona basi nisaidie kuelekeza. Nikaingia gerejini nikasimama ukutani, njoo, njoo, njoo, kata kulia. Unajua matingo wa Fuso wanavyofanya. Fundi akazima shughuli yote. Eti hakuna mtu kati ya trekta na ukuta, hata awe nani, hata awe baba mwenye nyumba. Nikatolewa. Ndani ya gereji yangu. Nikakabidhiwa kazi moja: kufungua lile bomba la moshi lililosimama juu ya boneti, maana baba mkwe aliliongeza kwenda juu na lenta yangu iko futi saba. Nati zina kutu. Mimi nina vidonda vya tairi. Nikabaki nimeshika spana, nashangilia.

Tairi za nyuma zikapita. Madigadi yakapita. Kichwa cha mke wangu, kainama kidogo, kikapita. Nikaanza kupiga makofi. Akasimama mwenyewe, kiganja kimoja tu kabla bomba halijabusu lenta, akaniangalia juu ya usukani. Hakusema kitu. Heri angesema. Akazima injini, fundi akasogeza mawe kwenye tairi, mimi nikarukia bomba nionyeshe uchapakazi. Bomba lilikuwa la moto. Ngozi ya kiganja hiki hapa, angalia.

Tukasubiri lipoe. Nati zikakubali. Nikasema washa sasa, tumalizie, ndani kunatosha. Fundi akakataa katakata. Alisema hiki kipande cha mwisho kinasukumwa, injini imezimwa. Moshi wa injini ndani ya chumba una hewa ile isiyo na harufu wala rangi, ile ile inayowamaliza watu hapa Arusha mwezi wa saba wanapolala na jiko la mkaa. Kufungua mlango nusu hakutoshi. Basi ikatangazwa pale kwa Mangi, wale niliowanunulia soda wakaja, tukasukuma zaidi ya tani moja ya chuma kupanda zege langu, mtu mmoja kazi yake ni jiwe tu, kufuata tairi na jiwe kila hatua. Mimi nilisukuma mpaka suruali ikapasuka nyuma. Walioona ni wote.

Limeingia. Mke wangu alikuwa bado juu, kule ndani, na pembeni hakupitiki, akapita juu ya boneti kwa madaha, akashuka mbele, akapigiwa vigelegele.

Mimi nikadhani tumemaliza. Fundi akatoa masharti kama daktari. Mikono ya haidroliki ya nyuma ishushwe mpaka chini, isining'inie, maana ikishuka yenyewe na mguu wako uko hapo, shauri yako. Koki ya mafuta chini ya tangi ifungwe, mafuta hapa yanashuka yenyewe kwa uzito, yakivuja usiku yanajaza sakafu. Waya wa betri utolewe. Mchanga chini ya injini wa kunywa oili. Halafu akanusa. Akauliza ukuta wa pili kuna nini? Jiko, nikasema. Akafumba macho. Mvuke wa petroli, anasema, ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa sakafuni unatafuta moto, na chini ya mlango wako wa jikoni kuna uwazi wa vidole viwili.

Kwa hiyo jiko la mkaa limehamia nyuma ya nyumba. Mtungi wa gesi uko barazani. Mlango umezibwa chini, ukutani tumetoboa matofali ya hewa, ya juu na ya chini. Wali unapikwa nje na mvua ikinyesha tunakula mkate. Magunia ya mahindi yamo chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda. IST yangu, ile ninayoendea kazini, inalala chini ya mparachichi, na maparachichi yameiva.

Juzi wakapita vijana wa chuma chakavu na mkokoteni wao, wakachungulia getini, wakaona ile pua ya kijivu. Wakaita, mama, hicho chuma mnauza? Nilisimama kwa furaha, nikaanza kutafuta viatu. Mke wangu akawahi kuwajibu kutoka kwenye moshi wa mkaa kwamba hilo haliuzwi, ni mali ya baba yake, labda waulizie hicho kigari chini ya mti.

Wamesema watarudi Jumamosi na mizani.