Zana Iitwayo Safisha

Maelezo ya zana yenyewe yalikuwa neno moja: "Husafisha." Aliyeyaandika ni kijana wa programu katika ofisi ndogo ya tiketi za mabasi jijini Dar es Salaam, na yeye alijua vizuri sana kinachosafishwa. Ilikuwa kanzidata ya majaribio, yenye abiria wa kubuni. Siku moja akamwomba wakala wa akili unde amsaidie na faili moja lililojaa vipande vya msimbo visivyotumika. "Safisha hapa," akaandika, akaenda zake kunywa chai.

Aliporudi, abiria wote wa Dar hadi Mbeya walikuwa wametoweka. Faili lilikuwa vilevile, na uchafu wake wote. Chini yake wakala ameandika kwa adabu kwamba usafi umekamilika, je, kuna jingine? Heri abiria wenyewe hawakuwa watu. Mmoja aliitwa Jaribio wa Tatu. Lakini dada wa kitengo cha majaribio, aliyewaunda mmoja mmoja pamoja na viti vyao na mizigo yao, hakuona cha kuchekesha.

Mkuu wa kitengo akatamka kwamba hii akili unde haina akili. Kauli tamu, ila haikuwa ya haki.

Wakala haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anachopewa, pamoja na ombi la mtumiaji, ni maandishi matupu: jina la zana, maelezo yake, na vigezo inavyodai. Ndivyo ilivyokuwa OpenAI ilipowafungulia watengeneza programu njia hiyo Juni 2023, na ndivyo ilivyobaki hata Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP Novemba 2024 ili zana moja iunganishwe na programu nyingi. Karani mgeni angeuliza, "Nisafishe nini, kaka?" Wakala naye anaweza kuuliza, lakini ameambiwa "safisha" na mbele yake kuna zana ambayo "husafisha". Aulize nini tena?

Wakubwa wa kazi hii nao hawajapona. Desemba 2024 Anthropic walisimulia jinsi wakala wao wa kurekebisha msimbo alivyokosea mafaili kila alipotoka kwenye folda kuu, kwa kuwa zana ilikubali anwani fupi ya faili, ile inayohesabiwa kuanzia pale ulipo. Ni sawa na kumwelekeza mtu nyumba kwa kusema "pale kwenye mwembe": itamfaa akiwa tayari yuko mtaani. Zana ilipobadilishwa idai anwani kamili, makosa hayo yakaisha. Mwaka uliofuata wakatoa kisa kingine: zana ya kutafuta mtandaoni, ambayo modeli ilikuwa ikiibandikia "2025" kwenye maswali bila kuombwa na kuyapotosha majibu. Dawa haikuwa modeli mpya. Walirekebisha maelezo ya zana, basi.

Kinachopendeza zaidi ni cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, waliotengeneza wakala wa msimbo aitwaye SWE-agent mwaka 2024. Amri nyingi za kompyuta zikifaulu hukaa kimya, na kwa mhandisi ukimya huo ndio raha yenyewe. Modeli ya lugha haina raha hiyo. Ikikuta patupu inaweza kuchanganyikiwa. Wakaongeza jibu la kuitoa wasiwasi: amri imefaulu, na haina cha kuonyesha. Yaani kuna msomi alikaa chini akaandika sentensi ya kuiambia mashine kwamba hakuna neno, mambo ni shwari.

Kijana wetu, baada ya aibu ile, aliruka hadi upande wa pili. Maelezo ya kila zana yakawa ukurasa mzima wa herufi kubwa na alama za mshangao: USITUMIE KAMWE BILA RUHUSA!!! Wakala akatii. Akaanza kuomba ruhusa hata ya kusoma faili, kisha ruhusa ya kuorodhesha mafaili ambayo angeomba ruhusa ya kuyasoma. Ilipofika adhuhuri kijana alikuwa amebonyeza "kubali" mara nyingi kuliko alivyoandika msimbo.

Dada wa majaribio akamsogeza kitini. Kwanza jina: "safisha" ikawa "futa_kanzidata_ya_majaribio". Kisha maelezo: "Hufuta abiria na tiketi zote za majaribio, haziwezi kurudishwa. Haigusi mafaili ya msimbo. Kwa hayo tumia hariri_faili. Kigezo 'thibitisha' kiwe jina kamili la kanzidata." Hakuna herufi kubwa za kutisha, hakuna mshangao hata mmoja.

Zana ya ratiba ilimkalisha muda mrefu zaidi. Kigezo chake kiliitwa "saa", na maelezo yakasema "saa ya kuondoka". Kijana alikuwa amemwagiza wakala aongeze basi la saa 12 asubuhi, na wakala akaandika 12:00, yaani basi la alfajiri likaondoka wakati wa chakula cha mchana. Akiwa Mswahili, kijana hakuwahi kufikiri kwamba saa inahitaji maelezo. Dada akaandika: "Muundo wa saa 24. Basi la saa 12 asubuhi ni 06:00. La saa 3 usiku ni 21:00."

Ikabaki zana moja, "tuma". Maelezo yake: "Hutuma." Nini, kwa nani? Kijana hakukumbuka, na aliyeianzisha alishahamia kampuni nyingine. Dada akaufungua msimbo, akausoma taratibu hadi mstari wa mwisho. Ilikuwa inatuma SMS ya "safari imeahirishwa" kwa kila abiria wa wiki hiyo, na hawa hawakuwa wa kubuni. Akaiondoa kwenye orodha kabla hata ya kuandika maelezo.