Barua ya Wazi: Naomba Fulana na Cheti

Kwa Katibu,
Idara ya Serikali ya Makazi na Ustawi wa Miji,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MFANYAKAZI WA KUJITOLEA KUTOKA NG'AMBO

Mheshimiwa Katibu,

Nakuandikia kutoka Njiru, huku ambako vumbi la machimbo huhamia kwenye nyumba kabla ya mpangaji. Ombi langu ni dogo. Naomba nitambuliwe rasmi kuwa mfanyakazi wa kujitolea, wa aina ile inayokuja kwa ndege, nipewe na fulana na cheti.

Sifa ninazo. Tangu Julai 2023 ninajengea familia nisizozijua. Kila mwezi asilimia 1.5 ya mshahara wangu hukatwa kwa ajili ya makazi nafuu kabla sijauona, na mwajiri wangu, naye mwenye moyo mkunjufu, huongeza kiasi hicho hicho. Anayelipwa shilingi 40,000 hujitolea 600, na tajiri wake 600. Moyo wetu ni wa hiari kiasi kwamba sheria imeweka adhabu kwa mwajiri atakayechelewa kuuwasilisha. Mapema 2024 tulipata likizo fupi: Mahakama Kuu ilikuwa imeamua Novemba 2023 kwamba makato hayo yanakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufaa ikakataa kuusimamisha uamuzi huo. Kabla sijazoea starehe, Sheria ya Makazi Nafuu ikatiwa sahihi tarehe 19 Machi, nikarudi mjengoni. Mzungu wa kujitolea, hata akiwa mvivu namna gani, hajawahi kurudishwa kazini na Bunge zima.

Nimewachunguza wenzangu hao kwa wivu. Chukua Habitat for Humanity, shirika lililoanzishwa mwaka 1976 na Millard na Linda Fuller huko Georgia, Marekani, baada ya wao kulijaribu wazo lao Mbandaka, Zaire. Kenya limekuwapo tangu 1982. Mgeni wake hujilipia nauli, akakaa wiki moja au mbili akichanganya saruji na kupanga matofali. Familia nayo hushika sepetu, na nyumba si ya bure, hulipiwa polepole. Wapo wanaosema, na mimi nimo, kwamba nauli ya mgeni mmoja ingewalipa vijana wengi wa hapa, wenye kujua pima maji na timazi. Mtu wa mkono hapa Njiru hupokea chini ya elfu moja kwa siku, hupandisha karai la zege hadi ghorofa ya tatu, wala hakuna anayempiga picha.

Hata hivyo mgeni huyo amenizidi. Aliulizwa kama anataka kuja. Anaijua siku ya kumaliza. Na kubwa kuliko yote, alionyeshwa familia yenyewe: mama akamshika mkono, watoto wakamkimbilia, akauona mlango ukifunguliwa.

Mimi nimeonyeshwa hati ya mshahara.

Kuna mwenzetu mwingine wa kujitolea ningependa umfahamu. Ukishuka machimboni asubuhi utamkuta chini ya gunia lililofungwa kwenye miti minne, miguu ameinyoosha, vidole vya mkono wa kushoto amevivisha vipande vya tyubu. Anashika jiwe, anapiga nyundo, anasukuma kokoto pembeni, anashika jingine. Lori likija, lundo lake linakwenda kuwa zege la jengo asilolijua. Sheria ya 2024 haikumsahau: ilipanua mchango ukawafikia hata wasioajiriwa. Ametoa kokoto, sasa anatakiwa atoe na asilimia. Fulana yake iwe pana mabegani.

Tukirudi kwangu, Mei 2025 nilisikia kwamba funguo za kwanza zimekabidhiwa Mukuru. Hongera. Bila shaka familia yangu ilikuwa kwenye foleni ile, na naomba nijulishwe ni ipi. Sitawasumbua. Nitapeleka mkate na majani chai, nionyeshwe sehemu niliyoijenga mimi. Kwa mahesabu yangu ni dirisha la bafu, au pengine bawaba zake tu. Nipige picha nimeliegemea, niwatumie watu wa kijijini, kama wafanyavyo wenzangu wa Georgia.

Kinachonitia haraka ni jirani zetu wa Dandora. Kuanzia 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja 6,000 vya watu wa kipato cha chini, vikawekewa choo na maji, kila mtu ajijengee vyumba vyake. Lilikuwa wazo zuri, na kwa maoni yangu lilikuwa na heshima kuliko mengi yaliyolifuata. Lakini leo uliza huko mwenye ploti anaishi wapi. Mara nyingi utaambiwa haishi hapo, ila mwisho wa mwezi humkosi. Ndiyo maana nataka kuiona familia yangu mapema, ingali ndani.

La mwisho ni sherehe ya kuniaga. Mgeni wa kujitolea huchinjiwa mbuzi, akaimbiwa, akalia kidogo, akaenda uwanja wa ndege. Mbuzi nitamnunua mwenyewe. Wewe nipe tarehe tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, chumba kimoja, Njiru.

Nakala kwa: Mwenye ploti, ili aelewe kwamba kodi ya mwezi huu imepungua 600 kwa sababu nilikuwa najengea watu nyumba.