Sifa za Mwongo Aliyepanda Treni

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Tuwasamehe, kwani hawakuwahi kuiona The Cassandra Crossing. Mwongo wa filamu hii anapanda treni Geneva, anaikatiza Ujerumani, anatokezea Poland, na kwa zaidi ya saa mbili hakuna kondakta anayethubutu kumdai tiketi. Ilitoka mwaka 1976, wahakiki wakaisema, watazamaji wakaisahau, na leo ukiitaja mbele ya wajuzi wa sinema wanakutazama kama mtu aliyesifu chai iliyopoa. Basi mimi nasimama kuisifu, tena chai yenyewe ni ile ya vijana wa mjini: hadithi ya uongo, iliyotiwa sukari ya kutosha.

Sifa ya kwanza ya mwongo hodari ni kwamba hana choyo. Miaka ile filamu za maafa zilikuwa biashara nono. Airport ilitishia ndege mwaka 1970, The Poseidon Adventure ikapindua meli mwaka 1972, The Towering Inferno ikachoma ghorofa mwaka 1974. Zote zilijaza waigizaji wakubwa, kisha zikawapa janga moja wagawane. Mwongozaji wetu, George P. Cosmatos, akaona huo ni ubahili. Ndani ya treni yake akapakia gaidi, tauni, dawa za kulevya, siri za jeshi la Marekani, kumbukumbu za kambi za Wanazi na, kwa kuwa mgeni haachwi aondoke bila tunda, daraja bovu.

Kisa chenyewe ni hiki. Magaidi wanavamia jengo la shirika la afya Geneva, na mmoja wao anapatwa na vijidudu vya tauni ya mapafu ambavyo Wamarekani walivificha humo. Anatoroka, anadandia treni ya Stockholm yenye abiria wapatao elfu moja. Kanali Mackenzie, ambaye ni Burt Lancaster, hataki siri itoke. Treni inageuziwa njia. Huko Nuremberg inazibwa milango na madirisha, wanapanda askari wenye mavazi meupe na barakoa za gesi, kisha inaelekezwa Poland, kwenye daraja ambalo halijapitiwa na treni kwa miaka mingi. Abiria wanaambiwa wanapelekwa kwenye matibabu. Kanali si mkatili, hapana. Ni mtu anayependa mafaili yake yafungwe vizuri.

Sasa tuje kwa mastaa. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua kanuni kuu ya sinema: steringi hafi. Ni kanuni ya haki, nayo humpa mtazamaji utulivu wa moyo. Lakini humu wamo Sophia Loren, Richard Harris, Ava Gardner, Martin Sheen, Ingrid Thulin, O. J. Simpson na Lionel Stander. Yumo hata Lee Strasberg, mwalimu aliyekifunza kizazi kizima cha waigizaji wa Marekani namna ya kuigiza kwa ukweli, hapa akipewa kazi ya kuuza saa kwenye mabehewa. Wakiwa masteringi wote, nani atakufa? Filamu nyingine ingetapatapa. Hii inajibu kwa ukarimu: subirini, daraja litachagua.

Na tazama kila mmoja alivyotwishwa uongo wake. Simpson, aliyekuwa bado mchezaji maarufu wa futiboli ya Kimarekani, amevaa kanzu ya padri, kumbe ni askari wa kuwinda wauza unga. Sheen ni mpanda milima anayelelewa na mke wa tajiri wa silaha, naye ndiye msafirisha unga anayewindwa. Mwaka huohuo Sheen aliondoka kwenda Ufilipino kuigiza Apocalypse Now, filamu inayoitwa kazi kubwa ya sanaa. Sina ugomvi nayo, ila haina treni.

Harris na Loren ni mtu na mtalaka wake wanaorudiana katikati ya tauni. Hapo uongo unafikia kiwango cha ustadi. Mume halisi wa Loren, Carlo Ponti, ndiye mtayarishaji, kwa hiyo alilipa fedha ili mkewe akumbatiwe na Harris. Mke halisi wa Harris, Ann Turkel, yumo treni hiyohiyo, akiwa miongoni mwa vijana wenye gitaa. Nyumba ngapi zinaweza kupanga hivyo, na bado watu wakala pamoja jioni?

Kwenye udaktari ndipo filamu inaponivua kofia. Inatufundisha kwamba tauni ya mapafu huisha ukipulizwa oksijeni ya kutosha. Mbwa mgonjwa anatolewa kwenye treni kwa kikapu na helikopta, anapelekwa Geneva, anavuta hewa hiyo, anapona. Ni heri yake. Vijidudu vya tauni huishi penye oksijeni na pasipo na oksijeni, havichagui. Watu wa Lushoto, Tanga, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara, walitibiwa kwa antibiotiki, si kwa kufunguliwa dirisha. Lakini mwongo hodari hasemi kwa kusitasita. Anakuletea yule mbwa mwenyewe, anatikisa mkia, nawe unaona aibu kumbishia mgonjwa aliyepona.

Nyuma ya yote hayo upo muziki wa Jerry Goldsmith, ambaye mwaka huohuo alitunga ule wa The Omen uliompa Oscar. Vyombo vyake havicheki hata mara moja. Kila mwongo anahitaji rafiki mmoja mwenye uso mkavu.

Tufike darajani. Filamu inasema lipo Poland, limeoza, litaanguka. Daraja tunaloliona ni la Garabit, kusini mwa Ufaransa, lililojengwa na kampuni ya Gustave Eiffel katika miaka ya 1880, kabla ya mnara wake wa Paris. Lina urefu wa mita 565, na tao lake kuu peke yake limetanda mita 165 juu ya bonde la mto Truyère. Halijaanguka. Poland iliyo na daraja hilo ni jirani wa Kusadikika, nchi ya Shaaban Robert iliyo angani. Kinachodondoka kwenye filamu ni mfano mdogo, na mabehewa yanayoporomoka ni ya kuchezea. Mtoto wa miaka saba ataligundua hilo.

Mimi niliyapita miaka saba zamani. Nilijua daraja ni zima, nilijua behewa ni toi, nilimjua hata anayelipa. Hata hivyo magurudumu ya mbele yalipogusa chuma cha kwanza, mguu wangu ulikanyaga breki sakafuni, kwa nguvu, na kikombe kikamwagika.

Hapo ndipo nilipolielewa jina. Cassandra wa Wagiriki, binti wa mfalme wa Troya, alipewa kipaji cha kuona yajayo na laana ya kutoaminiwa. Alisema kweli tupu, watu wakapuuza, mji ukateketea. Filamu iliyochukua jina lake haisemi kweli hata kuhusu ramani ya Ulaya, na mtu mzima mwenye akili timamu anaikanyagia breki.

Waliobezwa sana mwaka ule ni wawili: daraja, lililosingiziwa limeoza, na filamu, iliyoambiwa haitafika mbali. Garabit bado limesimama. Na mwongo wetu, ambaye njia yake ilipaswa kuwa fupi, yuko safarini tangu 1976.