Mwalimu na Nusu ya Punda

Mwalimu mmoja wa sekondari aliyehamishiwa Kondoa alitamani farasi. Simuni alikuwa amejaza video za watu wakinong'ona na farasi wao, wakiwapumulia puani, wakikumbatiana nao hadi machozi yawatoke. Alipoulizia farasi mnadani, wauza mbuzi walinyamaza kwanza, kisha wakacheka.

Si kwamba Kondoa haijapata kuona farasi. Aprili 1916 Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini aliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani, akishuka kutoka upande wa Arusha na askari wapanda farasi. Masika, mbung'o na maradhi viliua wanyama wake kwa mamia, na wapanda farasi wengi wakamalizia safari kwa miguu.

Basi mwalimu akanunua punda. Punda ni mwenyeji: utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2022 unaonyesha alianza kufugwa Afrika Mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Huyu alikuwa jike wa kijivu, mwenye ule msalaba mweusi wa mabegani, na macho ya karani aliyekwisha funga dirisha.

Urafiki ukaanza rasmi. Mwalimu alimlisha pumba kiganjani, akamsugua kwa brashi ya viatu, akampumulia puani. Punda akapiga chafya, na shati la kazini likarudi kwenye beseni. Alipozunguka nyuma kumsugua mapaja, ule msemo wa fadhila ya punda ukatimia bila kupunguzwa hata neno.

Siku ya kwanza ya kuchota maji, punda aligoma katikati ya barabara, madumu yakiwa mgongoni. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama akatafakari, na hakuna kamba inayofupisha tafakuri hiyo. Mwalimu alivuta. Vijana wawili wakasukuma. Bodaboda wakazima pikipiki ili watoe ushauri vizuri. Kumbe mbele kulikuwa na mfuko wa plastiki umenasa kwenye mti wa miiba. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na pale barabarani aliyeonekana kuijali sheria alikuwa punda peke yake.

Asubuhi iliyofuata banda lilikuwa tupu.

Alimkuta kwa mzee aliyemuuzia, amesimama ubavuni mwa punda mwingine, shingo juu ya shingo. Akamrudisha. Usiku akatoroka tena.

"Shikamoo mzee. Huyu punda wako ana nini?"

"Marahaba. Hana kitu, mwalimu. Wewe umenunua nusu."

Mzee hakutania. Punda hushikamana wawili wawili, na wakitenganishwa huweza hata kuacha kula. Hayo angeweza kuyasema mnadani, lakini biashara ni biashara. Bei ya nusu ya pili ilizidi ya kwanza, na mzee alikuwa na hoja: punda wameadimika, ngozi zao zimekwenda China kuchemshiwa dawa ya ejiao, mpaka Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara hiyo Februari 2024. Mwalimu, ambaye hufundisha uraia, alishindwa kubisha.

Sasa punda wawili huenda kisimani bega kwa bega, naye huwafuata nyuma kama mgeni wao. Hawatoroki. Tatizo ni kwamba juzi mzee alipita kusalimia, akanywa chai, akasifu banda, kisha akataja kwa upole kuwa yule wa pili ana mtoto.